Mikono Nyuma ya Mgongo

Yule nesi wa mtaa wa Muaither huja kumchukua bintiye kwenye shule ya Montessori na sare ya hospitali bado mwilini, akasimama mlangoni, mikono ameifunga nyuma ya mgongo. Mwalimu mkuu wa zamani ndiye aliyetufundisha wazazi kusimama hivyo: mtoto afunge viatu vyake mwenyewe, hata jua la Doha likituchoma. Vidole vya nesi huchezacheza huko nyuma, lakini havikuwahi kuja mbele. Mwalimu mkuu yule aliondoka. Aliyemfuata hakumaliza muhula. Wa tatu alituita mkutanoni, akasema watoto wanachelewesha mabasi kwa kujifungia viatu. Nesi akainuka, sauti chini kama ya wodini.

"Bado mtawasubiri?"

"Tutaangalia, mama."

Tukitoka nikamtania, "Sista, swali moja tu?"

"Sikuwa na lingine."

Jana Nekesa, bintiye, alikaa kwenye ngazi akamnyooshea mguu. "Nifungie, mama. Siku hizi mwalimu hutufungia." Nesi akasubiri. Mtoto naye akasubiri, mguu hewani, macho kwenye mabasi. Kisha ile mikono ikaachana taratibu, ikaja mbele, ikafunga kamba upesi kama inavyofunga bandeji, naye hakuinua uso.