Waifai na Mapipa ya Maji

Mdogo wangu wa kike hasikii tangu utotoni. Homa ilimshika kabla hajaanza kutembea, na ilipomwacha ilimwacha mzima wa kila kitu ila masikio. Alipotimiza umri alipelekwa shule ya bweni ya viziwi, na kila likizo alirudi nyumbani Utange akiwa na maneno mapya mikononi. Akanifundisha mimi, kakake. Mama hakujifunza. Si kwamba hakutaka. Alikuwa akitoka alfajiri kwenda kuuza mboga, akirudi amechoka, na ishara za nyumbani walizozizoea yeye na bintiye zilimtosha: njoo, kula, lala, kachote maji, waumwa wapi.

Mdogo wangu alipokuwa mtu mzima alipata kazi aliyoipenda. Shirika moja dogo lilimtaka awafundishe lugha ya ishara wazazi wenye watoto viziwi, watu wanaoishi vijiji vya mbali, kwa njia ya video. Darasa lilikuwa Jumanne na Jumamosi jioni. Kwa ajili hiyo tukaweka waifai. Fundi alivuta waya mpaka sebuleni, akakiweka kile kisanduku cha kurushia mtandao sakafuni karibu na soketi, akaenda zake. Darasa lenyewe lilifanyika chumbani kwa mdogo wangu, maana huko kulikuwa na ukuta mweupe na mwanga wa dirisha. Mimi nikitoka kazini Changamwe nilikaa kando yake nikawa sauti yake. Yeye anafanya ishara, mimi nasema maana yake, wazazi wanaiga.

Majuma ya kwanza yalikwenda vyema. Kisha picha ikaanza kukwama. Mdogo wangu angeinua mkono kuonyesha "maziwa", na kwenye simu za wazazi mkono ule ukabaki hewani, umeganda, halafu ghafla ukaonekana mahali pengine kabisa. Sauti yangu ilifika bila tatizo lolote.

"Wewe twakusikia vizuri, kaka," mama mmoja aliniambia. "Lakini mwalimu hatumwoni."

Nikapiga simu kwa watu wa huduma kwa wateja wa kampuni ya waifai. Aliyepokea alikuwa dada mpole sana. Alinieleza nikizime kisanduku, ningoje kidogo, nikiwashe. Nikafanya. Akaniambia nibadilishe nywila, huenda majirani wanatuibia. Nikabadilisha. Mwishowe akasema, "Kaka, ukizima kamera mkatumia sauti peke yake, mtapata nafuu."

Mdogo wangu alikuwa amesimama mbele yangu, akiniangalia usoni. "Amesema nini?" akauliza kwa mikono. Nilisita, kisha nikamwambia. Alicheka mpaka akakaa kitandani. "Mwambie basi aniongezee na masikio," akasema.

Alicheka, lakini Jumamosi iliyofuata darasa lilivunjika katikati, na nilipomtazama niliona anakunja mikono na kuiweka mapajani, kama mtu aliyekatizwa maneno mbele za watu. Shirika likamwandikia kwa upole kwamba huenda ingefaa darasa lihamie kwa mwalimu mwingine, mwenye mtandao imara. Walimpa mwezi mmoja.

Nilikuwa tayari kumlaumu kila mtu: kampuni, majirani, mvua. Mdogo wangu hakulaumu mtu. Yeye ana tabia ya kutazama. Siku moja nilipofika nyumbani alinishika mkono akanipeleka sebuleni, akaelekeza kidole kwenye mapipa ya Mama.

Maji ya mfereji huku kwetu huja yanapotaka. Yakija, Mama huyajaza mapipa makubwa ya buluu aliyoyapanga ndani ya sebule, kwenye ukuta wa chumba cha mdogo wangu, kwa sababu ukiyaweka nje, asubuhi utakuta yamepungua na hakuna aliyekunywa.

"Mapipa yakiwa matupu, picha ni safi," mdogo wangu akasema. "Mama akijaza, picha inavunjika."

"Maji na waifai wapi na wapi?" nikamwambia.

Hakubishana. Alinipa simu yake, ambayo alikuwa ameshaifungua mahali pa kupimia kasi ya mtandao, akaniambia nisimame mbele ya mapipa, upande wa kisanduku. Kasi ilikuwa nzuri. Akanipeleka chumbani kwake, nyuma ya ukuta na nyuma ya maji yote yale. Ikaanguka. Tukarudi. Ikapanda. Kisha akakiinua kisanduku kutoka sakafuni, akakivuta mpaka waya ukakaza, akakiweka juu ya kifuniko cha pipa. Nikaenda chumbani kupima tena. Ilikuwa afadhali sana.

Wakati huohuo Mama akaingia kutoka sokoni. Hakuvua hata kilemba.

"Nani ameweka umeme juu ya maji yangu?"

Nikamweleza. Nilimwambia kwamba yale mawimbi yanapita hewani lakini maji huyala, na kwa kuwa kisanduku kiko chini na mapipa yamejaa, hayafiki chumbani. Nikamwomba tuyatoe mapipa, tuyaweke uani.

"Uani yataibiwa."

"Mama, hii ni kazi yake. Wanataka kumpa mtu mwingine."

Mama alimtazama mdogo wangu, aliyekuwa akifuata midomo yetu kwa wasiwasi. Kisha akayatazama mapipa, akakitazama kisanduku.

"Mwanangu," akasema, "pipa ni zito, hicho kidude ni chepesi. Mbona wataka kuhamisha kizito?"

Kesho yake nilinunua waya mrefu na misumari, nikatengeneza kibao kidogo juu ya mlango wa chumba cha mdogo wangu. Mama mwenyewe alinishikia kiti nisianguke.

Jumanne iliyofuata mapipa yalikuwa yamejaa pomoni. Mdogo wangu alivaa blauzi nyeusi, ili mikono yake ionekane vizuri, akafungua darasa. Wazazi wakaingia mmoja mmoja. Akawasalimia, na nikaona nyuso zao zikifunguka kabla sijasema neno.

Siku hiyo aliacha maneno ya chakula na ugonjwa. Alisema wazazi wengi wanajua kumuuliza mtoto kama ana njaa, basi. Akawafundisha swali jipya: "Uliota nini?" Mkono unatoka kwenye paji la uso, vidole vinacheza kama moshi unaopanda.

Kulikuwa na baba mmoja, mkulima, aliyekuwa hasemi sana. Binti yake alikaa magotini pake. Aliirudia ile ishara mara kadhaa, vidole vyake vikiwa vizito, kisha akamgeukia mtoto akamuuliza. Mtoto alimtazama baba yake kwa muda. Halafu mikono yake ikaanza kwenda, mbio, nyingine ishara za kweli, nyingine alizozibuni mwenyewe. Mdogo wangu alifuata kila kitu, akanifafanulia, nami nikamwambia yule baba: aliota mbuzi wenu amepanda juu ya paa, na wewe ukapanda kumfuata, mkakaa huko wewe na mbuzi mkila mahindi.

Yule baba akafunika uso kwa kiganja. Mabega yalikuwa yakitikisika, na sikujua kama ni kicheko au kilio.

Darasa lilipokwisha niligeuka nikamwona Mama amesimama mlangoni. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Aliingia, akaketi kitandani karibu na bintiye, akamgusa bega ili amtazame. Kisha akapeleka mkono kwenye paji lake mwenyewe la uso. Vidole havikukaa sawa, na mdogo wangu akavishika akavinyoosha kwa upole, akamwonyesha tena. Mama akarudia.

Mdogo wangu alitafakari kidogo, akaanza kumjibu. Mama hakuelewa hata nusu. Nilitaka kumtafsiria, lakini alininyooshea kiganja, ningoje, na hakuondoa macho yake kwenye ile mikono.