Joto la Dinamo

Mtu akiniuliza kazi niliyofanya maishani, namjibu nilikuwa fundi wa mashine. Fundi wa umeme sisemi. Jina hilo nililitupa mwenyewe, na mke wangu hata leo hajui kwa nini nakunja uso mtu akinitambulisha hivyo kwa wageni.

Ufundi wenyewe sikuusomea, niliuokota. Nilikuwa napaka grisi kwenye mashine ya mawese huko Rumonge. Uhuru ulipokuja, fundi mzungu wa pale akafunga virago, akaniachia koleo moja na mzingo wa waya. Siku ya sherehe nikaunganisha balbu sita na betri ya kamio, yaani lori, nikazitundika mbele ya ofisi ya komini, serikali yetu ya pale. Zikawaka. Weee! Watu walipiga vigelegele kana kwamba uhuru nimeuleta mimi. Balbu sita tu, jamani. Lakini kichwa kilinivimba siku ile na kikakaa hivyo miaka kumi.

Dada yangu mkubwa aliolewa Gatete, kijiji cha wavuvi cha jirani, na mtu wa ng'ambo, upande wa Kongo, aliyevuka ziwa kutafuta samaki akapata na mke. Huyo ndiye shemeji yangu. Alikuwa na boti ya mbao yenye injini ndogo ya mazutu, yaani dizeli, akivua ndagala, dagaa wa ziwa letu, kwa taa za karabai. Injini iliamshwa na betri, na betri ikikataa kulikuwa na manivela, kile chuma cha kuzungusha kwa mkono. Ila botini hamkuwa na kitu cha kuijaza betri hiyo.

Kwa hiyo alifuata desturi ya wavuvi wote wa pwani yetu. Mwezi ukijaa, ndagala hawafuati taa, na boti zinavutwa mchangani karibu wiki nzima. Ni wiki ya harusi, ya kushona nyavu, ya kugombana na wake. Wiki hiyo shemeji alikuwa anaitoa betri botini, anaibeba kichwani nusu saa nzima mpaka kwenye mashine ya mawese ijazwe, kisha inalala chini ya kitanda chake mpaka giza lirudi. Ngata yake ilikuwa kitenge cha dada yangu. Tindikali ilikuwa inadondoka na kukitoboa, na dada anawaka.

"Bwana, umeoa mimi ama umeoa betri?"

"Nimeoa wote wawili," alikuwa anajibu. "Lakini betri haipigi kelele."

Nikamwambia aache kubeba mizigo kama punda na shemeji yake yupo. Nitamfungia dinamo. Injini ikizunguka, dinamo inazunguka nayo na kuijaza betri humo humo botini, na betri haitatoka tena mpaka izeeke.

"Kweli?"

"Unaniuliza mimi?"

"Sawa," akasema. "Weye uko fundi."

Niliifanya kazi hiyo mwezi ulipojaa, boti ikiwa mchangani, na wavuvi wenzake wamesimama wananitazama. Nilipenda sana kutazamwa. Dinamo ya gari bovu niliikaza ubavuni mwa injini kwa vyuma vya kitanda. Ukanda wa kuizungusha ulihitaji puli, gurudumu la kuuvuta, na mahali pekee pa kuweka puli palikuwa pale manivela inapoingia. Nikaiweka pale pale. Mvuvi mmoja akauliza, "Na betri ikizima, tutazungusha wapi?" Nikamjibu kwamba haizimi, aende akashone wavu wake. Watu wakacheka.

Sasa kilichobaki ni waya mmoja mwembamba, na huo waya ndio sababu ya maandishi haya. Dinamo ina waya unaoilisha umeme kidogo wa betri ili ianze kazi. Lazima upite kwenye swichi, na injini ikizimwa, swichi nayo inazimwa. Bila swichi, dinamo iliyosimama inaendelea kuinywa betri kidogo kidogo, mchana na usiku. Hilo nililijua. Kama ningekuwa sijui, ningelala vizuri.

Shemeji alikuwa amenipa swichi mpya, aliyoiagiza Bujumbura, imefungwa kwenye gazeti. Nilikwenda nayo nyumbani jioni moja niitazame. Ilikuwa nzuri, nyeupe, ukiibonyeza inalia tok. Nikaijaribu kwenye balbu ya chumbani kwangu, ile niliyokuwa naiwasha kwa betri yangu ya zamani. Nikalala kitandani nikinyoosha mkono: tok, tok. Nikajiambia hii ikae hapa kwanza, ya boti nitatafuta nyingine mwezi ujao. Kesho yake nikaunganisha ncha mbili za ule waya moja kwa moja, nikazizungushia utepe mweusi, safi kabisa. Shemeji hakuuliza swichi iko wapi. Angejuaje ilitakiwa kukaa wapi?

Na kweli boti ilifanya kazi. Kila usiku injini ilizunguka na kurudisha kile ambacho dinamo ilikunywa mchana. Wiki tatu nzima wavuvi wa Gatete walinisalimia kwa heshima, amahoro fundi, amahoro fundi. Alasiri moja shemeji akaniita botini. Alikuwa ameweka kiganja juu ya dinamo.

"Shemeji, injini iko baridi. Mbona hii iko na moto?"

Nafasi ilikuwa ile. Ningesema, toa huu waya boti ikilala, nitakuletea swichi kesho, na mambo yangeisha kwa kicheko. Lakini wavuvi wawili walikuwa karibu wanasikiliza, na mimi, mtu wa balbu sita, nitasemaje nimekosea?

"Ni kawaida," nikasema. "Dinamo nzuri ndivyo ilivyo. Iko na damu ya moto."

Akacheka. Alikuwa mtu wa kuamini, na mimi nilikuwa mtu wa kuaminiwa bure. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi sikuziba ufa, na ukuta wenyewe sikupata kuujenga.

Mwezi ukajaa tena. Boti zikavutwa mchangani. Mara hii betri haikubebwa kwenda popote, wala haikulala chini ya kitanda, kwa sababu fundi alisema haitoki. Ilikaa mle botini siku tano, inanyonywa.

Ndipo ikaja ile siku ya mauaji ya mwaka wa sabini na mbili ambayo kila mtu wa pwani yetu ana yake. Sitaeleza nani alimfanya nani nini. Wengine wameeleza, na wengine hawawezi. Mimi nasema niliyoyaona Gatete asubuhi ile. Watu walikuja mbio kutoka upande wa mjini na magodoro kichwani, na risasi zilisikika nyuma yao. Dada yangu alifika ufukweni na watoto wake watatu na sufuria ya ugali ambayo hata hakuwa ameipakua. Shemeji akawapakia, akapakia na majirani, watu kumi na saba kwenye boti ya watu wanane. Tukasukuma majini. Milima ya Kongo ilionekana vizuri, ng'ambo, kama unaweza kuigusa.

Shemeji akabonyeza kitufe cha injini. Injini ikatoa sauti moja ndogo, kama mtu anayeguna usingizini. Akabonyeza tena. Kimya.

Wote wakanigeukia mimi. Nilijua tangu ule mguno wa kwanza. Nilijua kabla yake, nilijua nilipokuwa nakimbia kuja ufukweni. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Betri mbovu," nikasema. "Waliokuuzia wamekuibia."

"Manivela!" akapiga kelele mvuvi mmoja, kisha akaitazama ile puli iliyoziba tundu lake.

Nikasema nitakwenda mimi mashineni kuchukua betri nyingine. Hilo nililisema, Mungu anajua, na mguu mmoja nilishautoa nje ya boti. Shemeji akanishika bega.

"Weye baki. Weye uko fundi, pengine utaiamsha. Mimi njia ya betri naijua."

Dada akamshika shati, akamwambia asiende, tupige kasia tu. Akamjibu kwamba kwa kasia na watu wote hawa tutafika kesho, na boti za kutufuata zina injini. Nusu saa kwenda, nusu saa kurudi. Akamvua dada kitenge cha mabegani, kile chenye matundu, akakikunja ngata, akashuka. Aliondoka anakimbia kati ya michikichi bila kugeuka nyuma.

Ningeweza kumwita. Ningesema, shemeji, kosa ni langu, anayestahili kwenda ni mimi. Maneno machache tu. Badala yake nilifanya nini? Niliinama kwenye injini, nikatoa koleo la mzungu, nikaukata ule waya, nikabandua utepe mweusi na kuutupa ziwani. Watu walidhani natengeneza. Nilikuwa naficha. Shemeji yangu anakimbilia kifo, na mimi nasafisha jina langu.

Tulingoja mpaka jua likasimama utosini. Risasi zikasogea. Watoto walilia, kisha wakaacha kulia, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Wanaume wakasema tuondoke. Dada alitaka kuruka, nikamkumbatia kwa nguvu akaniuma mkono, na alama iko mpaka leo. Tukapiga kasia mchana huo na usiku wake wote, tukafika ng'ambo. Hakuna boti iliyotufuata, hata moja.

Yeye hakuonekana tena. Mtu mmoja aliyevuka baadaye alituambia alimwona karibu na mashine, akirudi, betri kichwani. Sikumuuliza zaidi. Dada aliuliza.

Miaka mingi ng'ambo nilitengeneza baiskeli na vinu, umeme sikugusa. Dada hakuolewa tena. Kila akisimulia, anamlaani muuza betri ambaye simjui wala yeye hamjui, mtu wa watu asiye na kosa lolote. Mimi natazama chini. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye. Yangu hayakungoja uzeeni, yalizaliwa siku ile ile.

Tuliporudi Rumonge tukiwa wazee, nikaapa nitamwambia kabla mmoja wetu hajafa. Nilikwenda kwake asubuhi, nimevaa shati safi, maneno nimeyapanga njiani kama mtoto anayekwenda kukariri. Akanipa chai. Nikasema, "Dada, kuna jambo la ile boti."

Uso wake ukafunguka. Akasema anafurahi nimeitaja, kwa sababu watu siku hizi hawamtaji mume wake, wanaogopa atalia.

"Unajua alivyokuwa anaipenda ile dinamo yako?" akaniambia. "Siku zile za mwisho, boti ikiwa mchangani, kila asubuhi alikuwa anashuka kwenda kuishika kwa mkono. Mkono unarudi na joto. Anakuja ananiambia, mama, kitu cha shemeji hakilali. Sisi tumelala, chenyewe kinatufanyia kazi."

Akacheka, akanishika mkono, pale pale penye alama ya meno yake.

"Alikuamini sana, mdogo wangu."

Nikasema, "Ndiyo, dada." Akaniongezea chai, nikainywa yote, nikarudi nyumbani.