Yai Alilopewa Watasema

Sogea karibu kidogo, rafiki yangu, na usikunje pua, maana nataka kukueleza habari ya harufu. Watu wengi wakikumbuka kwa nyanya yao hukumbuka moshi wa kuni, mahindi ya kuchoma, au mvua ya kwanza ikipiga udongo. Mimi pia ninazo hizo. Lakini iliyonirudisha Mghange, kwa nyanya yangu mlimani, mwaka huu, nikiwa nimesimama kwa daktari wa mifugo mjini Voi, jua la mchana likichoma mabati juu yetu, ilikuwa harufu ya mdomo wa mbwa mgonjwa.

Nilikuwa nimempeleka mbwa wangu mzee kwa sababu alikuwa akitokwa na udenda na kuangusha chakula kila akitafuna. Daktari alimwinua mdomo wa juu kwa kidole kimoja tu, taratibu, na ile harufu ikatoka.

"Huyu ameumwa siku nyingi, mama," akasema.

"Lakini anakula, daktari! Hata jana alimaliza sahani."

"Anakula kwa sababu njaa nayo inauma. Amechagua ule uchungu ulio mdogo."

Kisha akanieleza, nami nakueleza wewe vile vile. Mabaki ya chakula hukaa kwenye jino, na yakikaa sana huwa magumu kama jiwe la kahawia. Huo ndio ukoga. Chini ya ukoga ufizi huoza, hurudi nyuma, na jino hubaki limesimama kama nguzo iliyomomonyokewa na udongo. Usaha hutafuta njia mpaka mfupani. "Na likioza lile jino kubwa la juu huku nyuma," akasema, "uvimbe unatokea hapa chini ya jicho. Mwenye mbwa anadhani ameumwa na nyuki."

Hapo ndipo nilipoomba kiti. Maana kule Mghange tulisema nyuki.

Nyumba ya nyanya ilikuwa kwenye mteremko, na shamba lake lilishuka kwa matuta, mahindi juu, maharagwe chini, migomba pembeni kwenye mfereji. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito hata ukimsikia kuku humwoni. Kazi yangu likizoni ilikuwa kuteka maji, kufagia uwanja na kupukuchua mahindi mpaka vidole gumba viwake moto. Na kila mara, katikati ya ukungu ule, kulikuwa na sauti ya mbwa akibweka na mwamba wa ng'ambo ukimjibu, hata ungedhani nyanya ana mbwa wawili.

Mbwa huyo aliitwa Watasema. Nyanya alimpa jina hilo baada ya jirani yetu, mama mmoja mwenye sauti ya kusikika matuta yote, kusema kwamba mjane hawezi kulinda shamba dhidi ya kima wa msituni. Nyanya akaenda akachukua mtoto wa mbwa, na kila jioni akawa anasimama karibu na ua uliotutenga na jirani na kuita kwa nguvu zake zote, "Watasema! Watasema, njoo ule!" Jirani alijua anayeitwa ni nani. Kwa miaka mingi kima hawakuonja punje ya mahindi yetu, na nyanya alimpenda mbwa yule kama anavyopendwa mtu aliyekushindia kesi.

Mbwa wa kwetu hawakuwa na chakula chao. Walikula ugali wa jana, ukoko mgumu uliokwanguliwa sufuriani, na Krismasi mifupa ya mbuzi. Nyanya mwenyewe hakuwa na meno ya nyuma, hata moja. Alikula kimanga, vile viazi vitamu vilivyopondwa na maharagwe, vikilainika kama uji mzito. Nakumbuka msimu ule Watasema alianza kukaa mbele ya nyanya wakati wa kula, akitazama kimanga, kichwa amekiinamisha upande mmoja. Sisi watoto tulicheka. Tulidhani anasali.

Alikuwa anatuambia, rafiki yangu. Nikikaa sasa naona alituambia kwa kila njia aliyokuwa nayo. Mfupa wa Krismasi aliunusa, akaulamba, akauacha. Alitafuna upande mmoja na ugali ukamtoka upande wa pili. Alijifuta mdomo kwa mguu wa mbele mpaka manyoya yakashikana. Chini ya jicho akavimba, tukasema nyuki. Uvimbe ukapasuka, ukatoa maji mabaya, tukasema afadhali, sumu ya nyuki imetoka. Harufu yake ikawa mbaya hata akifika mlangoni tunajua, na mjomba, ndugu ya mama yangu aliyeishi palepale, akamfukuza kwa fimbo ya kuchungia: "Toka hapa! Umekula mzoga gani tena?" Halafu akaacha kubweka. Jaribu wewe kufungua kinywa kwa nguvu na shavu limejaa usaha. Kima wakateremka wakakaa kwenye mahindi yetu kama wageni wa harusi.

Nyanya alikuwa na msemo wake: "Asiyekula kwako anakula kwingine." Aliutumia kwa waume wa watu, na kwa ng'ombe, na sasa akautumia kwa Watasema. Ulikuwa msemo wenye akili. Ndiyo sababu ulitupotosha.

Kwa sababu kweli alikuwa anakula kwingine. Kuku wa jirani walitaga kwenye nyasi nje ya ua, na yai, kama ukifikiri vizuri, ni chakula cha pekee pale mlimani ambacho mbwa mwenye mdomo mbovu angeweza kukipata mwenyewe. Unalikanyaga, linapasuka, unalamba. Jirani alimkuta na ute ukimning'inia kidevuni.

Akaja uwanjani kwetu mikono kiunoni. "Mama, mlisema watasema. Haya, nimekuja kusema! Mbwa wako ni mwizi."

"Mbwa wangu hajaiba tangu azaliwe."

"Mbwa akishaonja yai, haachi mpaka kufa. Mtibuni, au mtafutieni kamba. Mkishindwa, mimi kamba ninayo."

Kwa hiyo mambo yalikuwa hivi: ama Watasema aache mayai, ama anyongwe. Na dawa ya mbwa mla mayai kila mtu wa kwetu aliijua. Unachemsha yai mpaka liwe gumu, unalitoa kwenye maji yanayotokota, unamtia mbwa kinywani, unambana taya. Akiungua mara moja, husema watu, hataligusa yai tena maisha yake yote. Nyanya aliteremsha sufuria mwenyewe. Nia yake ilikuwa kumwokoa.

Mjomba alikuja na kamba ya kumfunga miguu. Jirani alisimama karibu ashuhudie. "Mshike vizuri," akamwambia mjomba, "asije akakutia meno!"

Hakuhitaji kushikwa. Hilo ndilo ninaloliona hadi leo. Watasema alinusa yai kutoka pale alipolala, akainuka, akaja mwenyewe akitikisa mkia. Kwa muda mrefu hakuna aliyemwita kumpa kitu laini. Mjomba alikuwa amelishika yai kwa kijiko na kitambaa. "Njoo, bwana mkubwa," akasema akicheka, "leo utakula mpaka ukinai." Mbwa akafungua kinywa, kidogo, kadiri alivyoweza. Mjomba akalisukuma ndani, akabana taya kwa mikono miwili.

Mlio ule sikuusikia tena kwa mnyama mwingine. Mwamba wa ng'ambo uliujibu. Mjomba alipoachia, yai lilianguka, likapasuka, na ndani yake, limekwama kwenye kiini cha njano, kulikuwa na jino. Refu, la kahawia, na mzizi wake mzima, kana kwamba lilikuwa linasubiri tu mahali pa kukaa.

Jirani alicheka kwanza. "Yametimia, mama! Yai kwa jino!"

Nyanya aliinama, akaliokota lile yai na vumbi lake, akalinusa. Kisha nikaona mkono wake mwingine ukipanda polepole mpaka kwenye shavu lake mwenyewe, pale ambapo meno yake yalikuwa yamemtesa kabla hayajang'olewa. Akasema neno moja.

"Kumbe."

Hilo ni neno letu la kujua, rafiki yangu, na kasoro yake ni kwamba hufika baada ya mazishi.

Jioni ile alichota kimanga kutoka sahani yake, akamtilia supu ya maharagwe, akampelekea chini ya migomba. Chakula kilikuwa kinatoa mvuke. Watasema alihisi ule moto karibu na pua, akarudi nyuma akitetemeka, akakimbia. Nyanya akapuliza, akakiweka chini, akaondoka ili asimtishe. Kuku ndio waliokila. Alijaribu uji, alijaribu maziwa yaliyotoka kukamuliwa, lakini hata joto la ng'ombe lilitosha kumfukuza. Aliita, "Watasema, njoo ule," si kwa sauti ile ya kumchokoza jirani, bali chini chini. Mbwa alisimama mbali akamtazama. Alikuwa amefunzwa. Dawa ilikuwa imefanya kazi kabisa: hakugusa yai tena, wala kitu kingine chochote kilichotoka mkononi mwa mtu.

Tulimkuta amekufa tutani, kati ya mistari ya maharagwe, asubuhi moja kima walipokuwa wakiitana shambani na hakuna aliyewajibu. Mjomba alimzika bila utani. Jirani alisema, mjomba alisema, sisi watoto tulisema. Aliyekuwa na jina hilo ndiye pekee ambaye hakusema, au alisema na hatukuelewa.

Nyanya hakufuga mbwa mwingine. Sasa yeye hayupo, jirani hayupo, ua uliowatenga umeoza, na matuta yamerudi kwa kima. Nilipopanda mara ya mwisho nilipiga kelele moja ili nisikie mwamba ukijibu. Ulijibu, lakini ulinijibu mimi.

Mbwa wangu wa Voi alilazwa kwa dawa ya usingizi, akang'olewa meno yote mabovu. Nilidhani nimemharibia maisha. Kumbe, na safari hii neno hilo lilifika mapema, mbwa asiye na meno huishi vizuri kuliko mwenye meno yanayooza. Juma lililofuata alibweka, akamfukuza paka wa watu.

Kwa hiyo usijilaumu kama hukujua, wengi hatukufundishwa. Fanya hivi tu. Leo, kabla hujamwita mbwa wako mzee mvivu, au mchoyo, au mwizi, keti naye mwangani. Mwinue mdomo wa juu upande mmoja, kisha upande wa pili, mpaka uone meno ya nyuma. Tazama kama kuna jiwe la kahawia, wekundu au uvimbe. Nusa. Ukikuta harufu ile, mpeleke kwa daktari wa mifugo, wala usijaribu kung'oa mwenyewe. Na unapongoja siku ya kumpeleka, mlainishie chakula chake kwa maji au supu, ukiguse kwa kidole, na ukiache kipoe kabisa kabla hujamwita.