Udi Chini ya Kitanda cha Mama

Mama alinipigia simu kunitoa kwenye upepo ambao haukuja, akaniingiza kwenye upepo uliokuja. Nikisimulia habari hii hapa Mombasa watu hucheka. Mimi nimejaribu kucheka, kicheko hakitoki.

Ilikuwa wiki ile ambayo redio zote zilisema kimbunga kinakaribia Pwani. Tuliambiwa tukae mbali na ufuo, tufunge madirisha, tusiegeshe chochote chini ya miti. Mimi ni mshonaji nguo, na chumba changu kiko mbali sana na bahari, lakini mama hajui hivyo na hataki kujua. Kwake yeye Mombasa yote imesimama ndani ya maji. Alipiga simu asubuhi, akapiga mchana, jioni akaanza kulia.

"Kuja nyumbani," alisema. "Hiyo maji ikipanda utaenda wapi?"

"Mwaitu," nilimwita mama kwa Kikamba, "hakuna maji inapanda."

"Nimekuambia kuja. Na usisahau ile kitu."

Ile kitu ni udi. Miaka michache nyuma mama alikuja kwangu kutibiwa macho, akakaa hadi akapona. Mwenye nyumba wangu ni mama wa Kiislamu, mtu wa Lamu, na kila Alhamisi jioni hufukiza udi nyumba nzima. Siku ya kwanza mama aliziba pua kwa kitambaa. Siku ya pili alikitoa kitambaa. Kufikia wiki ya tatu alikuwa anakaa juu ya kigoda, chetezo kiko chini, gauni lake la kanisani amelitandaza juu ya moshi, amefumba macho kama mtu anayekunwa mgongo. Tangu hapo kila nikienda nyumbani lazima nimpelekee. Lakini jina lenyewe halitaji. Mama ameimba kwaya ya kanisa tangu sijazaliwa, na kanisani kwao udi ni mambo ya majini.

Basi nikapanda basi. Nilishuka Mtito Andei, nikanunua mkate na sukari kwenye duka la yule mzee Mwislamu aliye karibu na stesheni ya mafuta, nikachukua pikipiki mpaka nyumbani. Nyumba yetu iko peke yake juu ya mwinuko, mbele yake hakuna kitu mpaka Tsavo. Marehemu baba alipenda kuona mbali. Mama alinipokea, akanishika uso, akashukuru Mungu kwa kunitoa majini, kisha yeye mwenyewe akafungua mkoba wangu na kutoa chetezo kipya cha udongo na udi niliokuwa nimeufunga kwenye karatasi.

"Washa," alisema.

Kesho yake mwenye nyumba wangu alinipigia. Pwani ilikuwa imenyesha mvua ya kawaida, na tawi moja la mwarobaini lilikuwa limeanguka barabarani. Kimbunga kilikuwa kimefia baharini. Mama aliinua mikono juu na kusema ni maombi yake.

Mchana huohuo aliwasha udi tena, yeye mwenyewe, mimi niko nje nafua. Nilisikia jirani anabisha hodi. Jirani huyu ndiye mwenyekiti wa akina mama kanisani, na alikuwa amekuja kuomba chumvi. Mama alichukua chetezo kikiwa na moto wake, akakisukuma chini ya kitanda, akatoka kupokea mgeni huku moshi unamfuata. Mwenyekiti alichukua chumvi. Aliangalia paa, akaniangalia mimi kule kwenye kamba ya nguo, akaenda zake.

Saa kumi hivi mbuzi walirudi wenyewe. Hakuna aliyewaita. Nikatazama upande wa Tsavo nikaona kitu cha rangi ya kahawia kimesimama toka chini hadi juu, kinatembea. Redio ilikuwa imesema pia upepo mkali utafika nyanda za chini za kusini-mashariki. Hizo ni sisi. Lakini ni nani Ukambani amewahi kujiita nyanda za chini za kusini-mashariki? Tulikuwa tunawaonea huruma watu wa Pwani.

Upepo ulipofika haukuvuma, uligonga. Nguo zangu ziliondoka na kamba yake. Nilikimbia ndani nikamkuta mama amekaa kitandani ameshikilia ukuta, vumbi limejaa chumba, na mabati juu yanapanda na kushuka. Kila yakishuka misumari ililia. Nilimwambia twende jikoni. Jiko letu ni la udongo, fupi, liko nyuma ya nyumba limejificha. Alikataa. Alisema hawezi kuacha vitu vyake. Nilimkokota, ndiyo, mama yangu mzazi nilimshika kwapani nikamkokota uani akiwa bila viatu, mchanga unatupiga usoni mpaka machozi yakawa matope. Tulikuwa tumepita tu mlango wa jiko niliposikia mlio ambao hadi leo nikisikia bati likigongwa mkono wangu huacha kushona. Paa lote la sebule na la chumba cha mama liliinuka pamoja na mbao zake. Lilikaa hewani kidogo, likapinduka, likaenda.

Upepo haukukaa sana. Ukaja utulivu mbaya, kisha mvua nyepesi, ya kutosha tu kulowesha magodoro na magunia ya ndengu.

Nataka kuwa wa haki. Jioni hiyo na kesho yake majirani walikuja. Walileta uji na muthokoi, wakatafuta mabati mashambani na juu ya miti, wakayarundika uani. Mengi yalikuwa yamejikunja tu, ya kunyooshwa. Kila mtu alisema mwethya utaitwa, yaani kijiji chote kingekuja siku moja kufanya kazi, na mama angelala chini ya paa lake kabla wiki haijaisha. Ndivyo inavyokuwa kwetu, na ndivyo mama alivyowafanyia wengine miaka yote. Amebebea watu maji ya kujengea hadi utosi wake umeingia ndani.

Siku iliyofuata hakuja mtu. Wala iliyofuata hiyo. Mama alikuwa analala jikoni, moshi umemshika kifua, anakohoa mpaka anashika ukuta, na mawingu yanakusanyika kila jioni. Nilimwendea fundi wa paa wa pale kijijini, nyumbani kwake. Alikuwa amekaa kivulini anakula muwa, akaniambia ana kazi nyingi.

Mwenyekiti ndiye alikuja kutueleza. Alikaa kwenye kigoda, akakataa chai. Mtu wa kwetu akikataa chai yako ujue kuna neno.

"Akina mama wanaogopa," alisema. "Hii upepo si ya huku. Hii ni ya Pwani. Redio ilisema inaenda Pwani, sasa imefikaje hapa?"

"Imefika kwa sababu upepo hautumii barabara," nilisema.

"Na kwa nini ni nyinyi tu paa yenu imeenda yote?"

"Kwa sababu ni sisi tu tuko huku juu!"

Aliniacha nimalize kupiga kelele. Kisha akamgeukia mama kwa upole. "Mimi nilikuja kuomba chumvi, nikasikia harufu. Na jioni hiyo hiyo upepo ikakuja. Msichana wako alikuwa anachoma nini kwa nyumba?"

Msichana. Nina mvi. Lakini si hilo lililonichoma. Nilimtazama mama nikisubiri aseme. Ilikuwa sentensi moja tu: ni mimi niliyewasha. Mama alikohoa, akapangusa mdomo kwa kanga, akaangalia kuku.

Mwenyekiti alisema pasta yuko tayari kuja kuniombea, hicho kitu kitolewe kiharibiwe, na siku hiyohiyo mwethya utapanda juu. Alipoondoka niliwaka. Nilimwambia mama yule mzee wa duka pale Mtito Andei huchoma udi kila Ijumaa na paa lake liko palepale, na hao hao akina mama hununua sukari kwake na kuikoroga kwenye chai ya ushirika. Nilimwambia nitaleta fundi wa kulipwa kutoka Mtito, na kanisa lote libaki na mwethya wake.

"Huwezi," mama alisema. "Watu wa nje wanijengee, na watu wangu wanaangalia kwa ua? Siku nikikufa nani atachimba?"

"Basi waambie ni wewe uliwasha."

Alikohoa tena. Safari hii sikujua kama ni kifua au ni jibu. "Kubali tu waombe," alisema. "Maombi haiumi."

Iliuma. Walikuja asubuhi, akina mama kwa nyimbo, wanaume na nyundo, pasta na chupa ndogo ya mafuta. Walinipigisha magoti katikati ya sebule isiyo na paa, jua linanipiga utosini. Pasta, kijana ambaye angeweza kuwa mwanangu, alinipaka mafuta kwenye paji la uso na kuniuliza kama nakiri kwamba nimekileta hicho kitu kutoka Pwani. Nilisema nimekileta. Ni kweli, nilikileta. Hakuniuliza nilimletea nani. Nilifumbua macho nimtafute mama. Alikuwa mstari wa mbele na kitambaa chake cha kwaya, na pasta alipotangaza kwamba upepo wa Pwani sasa umefungwa, aliyesema amina kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa yeye.

Nilichukia kila mtu pale. Nilimchukia pasta na nikamchukia mwenyekiti na fundi wake. Na mama nilimchukia pia, naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Niliambiwa nikitoe. Niliingia chumbani kwa mama, nikainama, nikakivuta chetezo chini ya kitanda chake, mbele ya watu wote waliokuwa wanaona kwamba ni kitanda chake. Hakuna aliyeuliza kilifikaje pale. Fundi alikipiga nyundo mara moja kikawa vigae. Udi uliobaki, pamoja na karatasi yake, mwenyekiti aliubeba kwa ncha za vidole mpaka jikoni akautupa motoni.

Sasa mtu anayeijua dunia kidogo angewaambia udi huharibiwaje, na kwamba si kwa kuuchoma. Moshi ulitoka jikoni ukajaa uani, ukapita kwenye mbuzi, ukawafikia akina mama waliokuwa wanaimba. Sijawahi kusikia nyumba yetu ikinukia vile. Wimbo ulilegea. Niliwaona wanavuta pumzi ndefu, mmoja baada ya mwingine, na hakuna hata mmoja aliyeziba pua. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisema polepole, "Lakini inanukia," akakanyagwa mguu na mwenzake. Mwenyekiti mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kisha wakapanda juu. Walinyoosha mabati kwa magogo, wakapigilia, wakaimba, wakala, na kabla jua halijazama mama alikuwa na paa. Lilikuwa paa zuri, imara kuliko la kwanza. Mvua ilikuja usiku huo na halikuvuja hata tone.

Niliondoka asubuhi. Mama alinisindikiza mpaka njiani tukangoja pikipiki. Sikuwa nimemsemesha tangu jana yake. Nilijiambia sitasema, kisha nikasema.

"Mwaitu, uliniacha pale kwa magoti."

Hakukana. Ningefurahi angekana. Alikunja kanga yake vizuri mabegani.

"Wewe utapanda basi," alisema. "Kesho hakuna mtu anakujua huko. Mimi nabaki na hao. Wangejua ni mimi, wangeniangalia mpaka kaburini."

Alichosema ni kweli, na ukweli wake ulinikasirisha zaidi. Pikipiki ilifika. Nilipanda. Mama alishika kamba ya mkoba wangu, akatazama upande wa kwa mwenyekiti, kisha akanisogelea.

"Disemba ukikuja, niletee ile kitu. Kidogo tu. Na ya kuchomea leta ya chuma, hii ya udongo inavunjika."

Nilimwambia mwenye pikipiki aondoke.

Nimekinunua cha chuma. Kiko hapa kando ya cherehani, nakitazama nikishona, na kila nikikitazama hasira hurudi ikiwa nzima. Nitakipeleka. Lakini sitampa mkononi kwa siri, na hakitakaa chini ya kitanda. Nitangoja siku mwenyekiti amekuja kuomba chumvi, nitakiweka katikati ya sebule, chini ya paa lile lile walilolipigilia, nimpe mama kiberiti mbele ya huyo mwenyekiti. Akiwasha, nitapiga magoti mwenyewe kando yake, bila kuambiwa. Asipowasha, nitarudi nacho Mombasa, na kimbunga kingine kikitangazwa asinipigie simu.