Jani la Elisaria

Salvina wa nyumba ya jirani alinikuta nachambua maharage, mtoto mgongoni, akanong'ona kana kwamba migomba nayo inasikiliza.

"Umesikia? Elisaria ametoroka Kenya sababu ya kodi. Na ya huku nayo halipi. Watamfunga, wewe!"

Elisaria ni jirani yetu hapa Old Moshi, fundi wa mashine, mtu anayeendelea kuimba kanisani hata wenzake wakiwa wamekwisha kukaa. Miaka minne alifanya kazi shamba la mkonge huko Taveta, kuvuka mpaka tu. Mwaka huu wa 1951, baada ya masika, alirudi nyumbani akapata kazi kiwanda cha kahawa mjini. Ila wanataka cheti cha kodi ya mwaka kabla ya Jumatatu. Asipokuwa nacho, nafasi anapewa mwingine.

Hata maharage hayajaisha, mwenyewe huyo, anacheka peke yake.

"Kodi nililipa, shemeji. Nililipa Taveta mwezi wa pili. Bomani wameniambia, lete cheti cha Kenya, hatutakudai mara mbili."

"Sasa kiko wapi?"

Akajikuna kisogo. "Kwa Efraimu."

Efraimu ni mtoto wa hapa hapa kwetu, ndiye karani wa lile shamba, na vyeti vya wafanyakazi hukaa sandukuni kwake. Waligombania zamu ya kazi siku ya Pentekoste. Elisaria akamwita fisi mbele ya watu, akaondoka bila kuaga na bila cheti.

"Bomani ukafanyaje?"

"Nikampelekea karani wa huko isale."

Nilicheka mpaka mtoto akaamka. Kwetu, aliyekosa akikuletea jani la isale lenye fundo, humkatalii msamaha. Lakini yule karani wa bomani ni mtu wa Pwani!

"Akaniuliza, 'Bwana, hii ni dawa ya mbuzi?' Nikamwambia ni msamaha. Akasema, 'Msamaha mzuri, ila hauna muhuri.'"

"Kumbe hukutoroka!" Salvina akasema, kama mtu aliyepunjwa.

"Nitoroke kodi niliyokwisha kulipa, mama? Ningetoroka na cheti, basi!"

Nikamtuliza mtoto, nikasema polepole, "Shemeji, umemwomba radhi usiyemkosea."

Kicheko kikamwisha. Akasimama akiutazama mpaka wa kihamba chetu, shamba letu la migomba, pale isale zilipopandwa. Kisha akaenda, akakata jani moja changa, akalipiga fundo na kurudi amelishika kwa mikono miwili.

"Wewe umefika darasa la nne. Mkono wangu unajua spana tu. Niandikie kwa Efraimu. Lori la Himo linaondoka kesho asubuhi kwenda Taveta, dereva atamfikishia. Usiweke maneno mengi, shemeji. Mwambie fisi nilikuwa mimi. Na jani hili likunje vizuri humo ndani ya bahasha, fundo lisifunguke."