Albamu ya Kakese Imeniumbua

Jamani, leo nimeumbuliwa na albamu.

Miaka yote nawaambia wanangu kwamba baba yao, enzi zile za miaka ya tisini, alikuwa mpiga picha wa wanyamapori. Leo nimewapeleka Kakese kwa baba mkubwa. Mzee, bila hata kuulizwa, akatoa albamu.

Ukurasa wa kwanza, ng'ombe.
Wa pili, ng'ombe.
Wa tatu, ndama. Angalau!

Mwanangu wa mwisho akanitazama. "Baba, simba wako wapi?"

Sikilizeni kwanza kabla hamjanicheka. Nilikuwa na kamera ya kuazima na filamu moja ya picha thelathini na sita, naenda mtoni kupiga picha za viboko. Nikapita kumsalimia mzee. Akaomba nimpigie picha dume lake la ng'ombe tu. Nikapiga.

"Sasa ukimpiga huyu ukawaacha wenzake, si utakuwa umewabagua?" mzee akaniuliza.

Nyie, nilimaliza zizi zima!

Nikabakiza picha moja. Mama mkubwa akanisindikiza mtoni, kavaa kitenge kipya. Kiboko akaibuka. Ile nabonyeza, mama mkubwa huyo mbele yangu! "Picha gani haina mtu?"

Picha hiyo ndiyo iliyokuwa ukurasa wa mwisho wa albamu. Mama mkubwa anatabasamu, nyuma yake masikio mawili majini.

"Haya, mmeona kiboko?" nikawaambia watoto, kifua mbele.

Mzee, ambaye ng'ombe wote alishawataja kwa majina, akasogeza picha karibu na macho.

"Huyu wa nyuma simkumbuki. Ni ng'ombe wa nani?"