Radi, Saa na Barua ya Onyo

Barua ya onyo niliyopewa ilikuwa na mistari sita, na mpaka leo naweza kuikariri. Ilisema nimezima kwa makusudi ulinzi wa kumbukumbu za wagonjwa, na kwamba nikirudia, mkataba wangu utavunjwa. Nilikuwa mtunza kumbukumbu wa kituo cha afya huku ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na nyumba yangu nzima ilikula kwa kazi hiyo. Aliyeniagiza kuzima ulinzi huo alikuwa mtaalamu wa kompyuta wa ofisi yetu kuu, Mbinga mjini. Aliniagiza kwa simu. Alipoulizwa na mkurugenzi, alikana bila hata kupepesa macho.

Nilimchukia, na sioni haya kusema.

Tatizo lenyewe lilikuwa hivi. Kompyuta yangu ilisoma kumbukumbu kutoka kwenye seva iliyokuwa Mbinga. Kabla hazijaanza kuwasiliana, seva huonyesha cheti chake cha utambulisho, na programu ya huku hukikagua: kimetolewa na nani, kinaanza lini, kinaisha lini. Uhakiki huo ndio ulinzi wenyewe. Siku nyingine programu iligoma tu: uhakiki wa cheti umeshindikana. Nikipiga simu, jibu ni lile lile. "Zima uhakiki, dada, endelea na kazi." Hata siku moja hakushuka milima ya Mbinga kuja kuangalia.

Baada ya barua, nikaanza kuandika kwenye daftari kila siku kosa lilipotokea. Masika yale sikukosa cha kuandika. Mwisho nikaona kwamba siku zote za kosa zilikuwa siku za radi. Muuguzi wetu mkuu, mama mzaliwa wa hapa hapa ziwani, ngurumo ikianza tu alifunika kioo cha ukutani kwa kanga, kisha akazima swichi kubwa ya umeme ya jengo zima.

"Radi ya hapa haina mchezo, mwanangu," aliniambia.

Nikaifungua mashine, nikakuta kibetri cha saa yake ya ndani kimekufa. Umeme ukizimwa, saa ilirudi nyuma miaka kadhaa mpaka nilipoirekebisha jioni kwa ajili ya ripoti, na kwa hesabu ya kompyuta yangu cheti kilikuwa bado hakijaanza kutumika. Kwa kawaida mashine hujirekebishia saa kupitia mtandao. Mtaalamu alikuwa ameifunga njia hiyo kwa mkono wake mwenyewe kabla mashine haijaletwa huku, eti inamaliza bando.

Ningeweza kumwambia siku ile ile. Sikumwambia. Nikangoja radi.

Ilipiga alasiri moja, mama akazima swichi, umeme ukarudishwa, na kosa likatokea kama nilivyotaka. Nikampigia.

"Kaka, mtandao unakatakata, sikusikii. Naomba uniandikie."

Akaandika: "Zima uhakiki kama tunavyofanya siku zote."

Niliusoma ujumbe ule mara tatu kwa furaha ambayo hata harusini kwangu sikuwa nayo. Kisha nikaweka tarehe sahihi, na programu ikaunganika bila kuzima chochote. Mgonjwa aliyekuwa kwenye benchi hakungoja hata dakika tano.

Kesho yake nilipanda gari kwenda Mbinga, mkobani nina daftari, kibetri na simu. Mkurugenzi alisoma daftari na ujumbe, akaagiza barua yangu ya onyo ifutwe, akanipa karatasi niandike maelezo yote. Nilikaa kwenye benchi la korido kuandika, na mtaalamu akanifuata huko. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Dada, naomba usiandike. Mkataba wangu unajadiliwa mwezi huu. Nina watoto."

"Na mimi ninao wawili," nikamwambia.

"Sikujua."

"Hukuuliza."

Alibaki amesimama pale, akidhani nitaguswa. Karatasi ilikuwa imejaa pande zote mbili, na nilikuwa bado sijafika kwenye ujumbe wake. Nikamwomba aniletee nyingine, naye akaenda kuileta.